Kikulacho ki Nguoni Mwako: Kasoro ya Mifuko ya Hewa ya Takata na Safari ya Onyo Hadi Mombasa

Utangulizi

Abiria aliyeketi katika gari dogo linalosubiri feri upande wa Likoni, mara tu dereva awashapo injini, aghalabu husikia sauti nyororo ya kike ikisema kwa Kijapani. Si salamu wala dua ya safari. Sauti hiyo humwarifu dereva kwamba kadi ya kulipia ushuru wa barabara kuu za Japani haijatiwa mahali pake. Dereva haielewi, abiria haielewi, na kwa kuwa kadi hiyo haina kazi Likoni, hakuna linaloharibika. Wengi wameizoea sauti hiyo hata wameifanya sehemu ya mzaha wa safari.

Hata hivyo, baadhi ya magari ya aina hiyo yana jambo jingine la kumwambia dereva, nalo halina sauti yoyote. Ndani ya usukani, au mbele ya abiria wa kiti cha mbele, kumewekwa mfuko wa hewa unaokusudiwa kumkinga mtu gari ligongapo. Katika mamilioni ya magari yaliyoundwa tangu mwaka 2000 hivi, mfuko huo ulitengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, na kopo la chuma linaoujaza laweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kama risasi. Ndipo maana ya methali ya wahenga inapojidhihirisha: kikulacho ki nguoni mwako.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, yataeleza kasoro yenyewe na sababu zake. Pili, yataeleza jinsi mtengenezaji alivyoijibu. Tatu, yataeleza ni kwa nini onyo lililotolewa ulimwenguni kote hupata taabu kumfikia mwenye gari wa Likoni, Kisauni au Changamwe. Hoja kuu ni kwamba onyo la kiwandani ni tendo la lugha. Lina msemaji, lina msikilizaji na lina njia ya kupitia. Kimojawapo kikikosekana, onyo huwa ni kama halikutolewa, hata kama limeandikwa na kutiwa muhuri.

Mfuko wa Hewa na Kopo Lake

Mfuko wa hewa hufanya kazi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Gari linapogonga, kitambuzi hupeleka umeme kwenye kopo dogo la chuma. Ndani ya kopo hilo mna vidonge vya kemikali ambavyo huwaka na kutoa gesi, nayo gesi hiyo huujaza mfuko kabla kichwa cha dereva hakijaufikia usukani. Uhai wa dereva, basi, unategemea mwako uliopimwa barabara: usiwe wa polepole hata mfuko ukachelewa, wala usiwe wa kasi hata kopo likashindwa kuuhimili.

Takata ilianzishwa mwaka 1933 na Takezo Takada kama kampuni ya ufumaji. Ufundi wa nyuzi uliiingiza katika utengenezaji wa mikanda ya usalama, na baadaye katika mifuko ya hewa. Kuanzia takribani mwaka 2000, kampuni hiyo iliyatia makopo yake amonia naitreti, kemikali ambayo pia hutumiwa kama mbolea. Ilikuwa ya bei nafuu, lakini ilikuwa na tabia moja mbaya: hufyonza unyevu, na hubadilika umbo joto linapopanda na kushuka. Miaka inavyopita, vidonge vilivyo imara huanza kulika na kuwa na vitundu, na vingine kusagika. Vikiwashwa, huungua kwa kasi kupita kiasi, na kopo hupasuka.

Uchunguzi uliofanywa kwa niaba ya makampuni ya magari, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba mambo matatu hukutana ili kuleta maafa hayo. La kwanza ni amonia naitreti isiyokuwa na dawa ya kufyonza unyevu. La pili ni kopo ambalo halikuzibwa vyema dhidi ya unyevu wa nje. La tatu ni kukaa miaka mingi mahali penye unyevu mwingi na joto linalopanda na kushuka.

Jambo hili la tatu linamhusu mkazi wa pwani moja kwa moja. Mombasa ni mji wa joto na unyevu mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, hasa kati ya Januari na Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30, na gari lililoegeshwa juani kwa saa nyingi huwa kama tanuri. Usiku joto hupungua, lakini unyevu hauondoki. Gari la mkazi wa Kisauni lililokaa katika hali hiyo kwa miaka 10 au 15 limepitia mizunguko maelfu ya joto na unyevu. Si kutu ya chumvi ya bahari inayozungumziwa hapa, ile ambayo fundi yeyote huiona kwa macho na kuipiga brashi. Uharibifu huu umo ndani ya kopo lililozibwa, na hakuna fundi awezaye kuuona.

Majibu ya Mtengenezaji

Historia ya majibu ya Takata ni historia ya onyo lililocheleweshwa. Mwaka 2004 mfuko wa gari moja la Honda ulipasuka katika jimbo la Alabama, Marekani. Tukio hilo lilichukuliwa kuwa la pekee lisilo na maana pana. Mwezi Novemba 2008 Honda iliita magari yake yapatayo 4,000 tu ili yarekebishwe. Mwaka uliofuata watu wawili walifariki Marekani kutokana na mifuko hiyo. Idadi ya magari yaliyoitwa iliongezeka kidogo kidogo, hadi mwezi Aprili 2013 Toyota, Honda, Nissan na Mazda zilipoita magari yapatayo milioni 3.4 ulimwenguni.

Mwaka 2014 makampuni yalianza kuita magari kwa kufuata maeneo. Magari ya Florida, Hawaii, Puerto Rico na sehemu nyingine zenye joto na unyevu yalipewa nafasi ya kwanza. Mwezi Desemba mwaka huohuo, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilipotaka mwito huo uenezwe nchi nzima kwa mifuko ya upande wa dereva, Takata ilikataa. Hatimaye, mwezi Mei 2015, kampuni ilikiri kwamba makopo yake yalikuwa na kasoro, na idadi ya magari yaliyohusika Marekani pekee ikafikia takribani milioni 34. Mwezi huo pia Toyota na Nissan ziliita mamilioni mengine ya magari ulimwenguni. Miongoni mwa yale ya Toyota yalikuwamo Corolla na Vitz, majina yasiyohitaji kufafanuliwa kwa msafiri yeyote wa Mombasa.

Mwezi Januari 2017 wizara ya sheria ya Marekani ilitangaza kwamba Takata imekubali kukiri kosa la ulaghai na kulipa jumla ya dola bilioni 1. Kiini cha kosa hilo hakikuwa kemikali. Kilikuwa ni maandishi: kampuni iliwapa watengenezaji wa magari taarifa za majaribio zilizogeuzwa ili zionyeshe kwamba makopo yalikuwa salama. Mwezi Juni 2017 Takata iliomba kinga ya mufilisi Japani na Marekani, na mwaka 2018 sehemu kubwa ya biashara yake ikanunuliwa na kampuni nyingine. Takribani makopo milioni 100 yamehusika ulimwenguni, na watu zaidi ya 30 wamefariki. Baadhi ya vifo hivyo vilitokea Malaysia, nchi ya joto na unyevu kama ilivyo pwani ya Afrika Mashariki.

Kuita magari kwa maeneo kulikuwa na mantiki ya kisayansi, kwa kuwa hatari ilikuwa kubwa zaidi penye joto na unyevu. Lakini mantiki hiyo ilichorwa juu ya ramani ya Marekani. Kama hali ya hewa ndiyo iliyokuwa kigezo, basi Likoni ilistahili kutajwa pamoja na Florida. Unyevu haujui mpaka wa nchi. Orodha ya walioarifiwa ndiyo iliyoujua.

Ubovu, Hitilafu au Kasoro?

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, mgogoro huu unaweza kusomwa kama mgogoro wa maneno. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana kwa maana, lakini hayagawi lawama kwa namna moja.

Neno ubovu hudokeza uharibifu unaotokana na kukaa. Embe huwa bovu, nyumba huwa mbovu, na hakuna anayemlaumu aliyepanda mwembe. Neno hitilafu hutumiwa sana kwa mitambo, na hudokeza jambo lililotokea ghafla na kuleta tofauti katika utendaji wa kawaida. Hitilafu ya umeme haina mwenyewe hadi mafundi wachunguze. Neno kasoro, kwa upande wake, hudokeza upungufu. Ndiyo maana Mswahili husema saa mbili kasorobo, yaani robo haijatimia. Kitu chenye kasoro kimepungukiwa na kitu kilichopasa kuwapo.

Takata ilipojitetea kwa kutaja umri wa magari na hali ya hewa ya maeneo fulani, ilikuwa ikizungumza, kwa istilahi yetu, lugha ya ubovu. Ilipoliita tukio la mwanzo kuwa la pekee, ilikuwa ikizungumza lugha ya hitilafu. Ukweli uliodhihirika baadaye ulikuwa wa kasoro kwa maana yake kamili: kopo lilipungukiwa na dawa ya kufyonza unyevu. Mfasiri wa habari anayeandika hitilafu mahali pa kasoro huenda asijue kwamba amemwondolea mtengenezaji nusu ya mzigo.

Hali kadhalika, tendo la kiwanda kuyataka magari yake yarudi bado halijapata istilahi moja iliyotulia. Kuna wanaosema kurejesha magari, kuna wanaosema kuyaondoa sokoni, na kuna wanaosema kuyaita. Kurejesha ni tendo ambalo mnunuzi hulifanya anaporudisha kitu dukani, kwa hiyo neno hilo laelekea kuuweka wajibu mikononi mwake. Kuondoa sokoni hakufai kwa gari ambalo limekwisha nunuliwa na linabeba watoto kwenda shule Mtongwe. Kuita ndiko kunakoonyesha kwamba msemaji ni kiwanda, na kwamba wajibu wa kwanza ni wake. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia kitenzi kuita na nomino mwito. Tena mwito, kwa maana yake ya kawaida, haukamiliki mpaka aitwaye asikie.

Safari ya Gari na Safari ya Barua

Gari jipya linalouzwa na wakala aliye nchini lina njia iliyo wazi ya mwito. Mfano ulio karibu ni magari yanayounganishwa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers huko Miritini, mahali palipokuwa ndani ya eneobunge la Changamwe kabla ya Jomvu kutengwa kwa uchaguzi wa mwaka 2013. Magari hayo huuzwa na makampuni yenye ofisi Kenya. Jina la mnunuzi huandikwa daftarini, na kasoro ikigunduliwa kuna wa kupigiwa simu.

Magari mengi ya watu binafsi hayakupitia njia hiyo. Yalitumika Japani kwa miaka kadhaa, yakauzwa mnadani, yakapakiwa melini na kuteremshwa Kilindini, kisha yakahifadhiwa katika bohari za nje ya bandari kabla ya kutolewa. Sheria ya viwango ya Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limezidi umri wa miaka 8, na mkaguzi aliyeteuliwa na Shirika la Viwango huliangalia gari kabla halijaondoka nchi lilikotoka. Utaratibu huu una manufaa yake. Lakini tarehe zinafaa kuzingatiwa. Gari lililoundwa mwaka 2003 au 2004 liliingia Mombasa kabla ya miito mikubwa ya mwaka 2013 hadi 2016. Mkaguzi alilipitisha kwa haki, kwa kuwa kasoro yake ilikuwa haijatangazwa. Mwito ulipotoka, gari lilikuwa limekwisha vuka bahari.

Barua ya mwito huandikiwa mtu aliyesajiliwa kuwa mwenye gari. Katika daftari za Japani, gari lililouzwa nje limefutwa. Katika daftari za wakala wa Kenya, gari hilo halimo, kwa sababu hakuliuza yeye. Katika daftari za serikali ya Kenya limo, lakini kiwanda hakisomi daftari hizo. Gari limesajiliwa mara mbili, na mwenyewe wa leo hafikiwi na barua.

Serikali ya Japani yenyewe iliona kwamba barua peke yake haitoshi. Kuanzia mwezi Mei 2018, magari yenye makopo ya hatari zaidi ambayo hayajarekebishwa hayapitishwi katika ukaguzi wa lazima wa nchi hiyo. Australia nayo, mwaka huohuo wa 2018, iliyalazimisha makampuni kuyatafuta na kuyarekebisha magari zaidi ya milioni 3. Hatua hizo zimeokoa maisha, lakini mkono wake unaishia ufukweni mwa nchi hizo.

Hata mwenye gari wa Kisauni aliyesikia fununu na kutaka kuhakikisha hukumbana na kizuizi kingine. Magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani hayana nambari ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Marekani na Ulaya. Yana nambari fupi ya chesisi, inayoanza na alama za aina ya gari, kisha kistari, kisha tarakimu. Mtambo wa Marekani wa kutafutia magari yaliyoitwa hauikubali nambari hiyo. Mahali pa kuitafutia ni katika kurasa za watengenezaji huko Japani, ambazo kwa kawaida zimeandikwa kwa Kijapani. Kitabu cha maelezo kilichoachwa ndani ya gari, kama bado kimo, nacho ni cha Kijapani. Dereva amerudi palepale kwa sauti ya kike asiyoielewa.

Haki ya Mnunuzi na Lugha ya Haki Hiyo

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa hizo, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia kwa hasara au majeraha yanayotokana na kasoro. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Vifungu hivi viwili husomwa mara nyingi kila kimoja peke yake. Vikisomwa pamoja, hutokeza swali zito: je, habari iliyotolewa kwa lugha asiyoielewa mtumiaji imetolewa?

Swali hilo si la wanasheria pekee. Haki ya kupata habari ni haki ya kuelewa. Tangazo lililobandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, likitaja miundo na miaka kwa alama tupu, halimfikii mama wa Changamwe aliyenunua gari kwa akiba ya chama ili mwanawe afanye teksi. Yeye hahitaji kemia ya amonia naitreti. Anahitaji sentensi tatu: gari lako huenda lina kopo la hatari, hii ndiyo nambari ya kuangalia na hapa ndipo ilipo, mpeleke fundi aliyeidhinishwa, wala usiruhusu mfuko ufunguliwe na asiyehitimu.

Linaloweza Kufanywa

Sentensi ya mwisho hapo juu inafaa kutiliwa mkazo. Kopo la mfuko wa hewa ni kilipuzi. Fundi wa kando ya barabara anayelifungua kwa ujasiri tu anahatarisha mikono na macho yake. Hatari hiyohiyo imo katika kununua usukani au mfuko uliotolewa katika gari lililovunjwa, kwa kuwa kopo la zamani lililohamishwa limehamia na umri wake na unyevu wake. Aidha, mwenye gari asidhani kwamba kila mfuko wa hewa ni adui. Mfuko usio na kasoro, ukisaidiana na mkanda wa usalama, umeokoa watu wengi mno. Anachopaswa kukijua ni kama gari lake limo katika orodha au halimo.

Kwa upande wa taasisi, nambari za chesisi za magari yote yaliyosajiliwa Kenya zimo mikononi mwa serikali, na orodha za magari yaliyoitwa zimo mikononi mwa watengenezaji. Kulinganisha orodha hizo mbili si kazi iliyo nje ya uwezo wa binadamu. Ikifanywa, barua itapata jina na anwani.

Kwa upande wa wasomi wa Kiswahili, kazi iko wazi. Vyuo vikuu vinafundisha tafsiri, na kila mwaka wanafunzi hutafsiri matini zisizosomwa na mtu ila mhadhiri. Matini za usalama zinasubiri. Pwani ina vituo vya redio vya Kiswahili vinavyosikilizwa kutoka Shelly Beach hadi Bamburi, na kivuko cha Likoni chenyewe hukusanya maelfu ya wenye magari na abiria kila siku, wakiwa wamesimama na masikio yakiwa wazi.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kasoro ya Takata ilianza kwa kemikali isiyolindwa dhidi ya unyevu, ikakuzwa na taarifa zilizogeuzwa, na inadumu kwa sababu gari husafiri mbali kuliko onyo lake. Watengenezaji walilazimishwa kuita, nao wakaita. Lakini mwito ulielekezwa kwa wale ambao majina yao yalikuwa daftarini na lugha zao zilikuwa mezani. Makopo yaliyobaki yanazidi kuzeeka katika joto la pwani, na kila mwaka upitao unayaongezea hatari.

Jioni, feri inapoteremsha mlango wake Likoni na injini kuwashwa kwa pamoja, sauti za Kijapani husikika tena kutoka gari hadi gari, zikiomba kadi isiyokuwapo. Mpaka onyo la pili litakapopata sauti yake kwa Kiswahili, dereva ataendelea kuisikia ile isiyomhusu na kutoisikia ile inayomhusu.